Riwaya Iliyotuonyesha Nyumba Yetu



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumsalia Mtume wake, twaingia katika maudhui ya juma hili. Juma lililopita, darasa la akina mama lilipokwisha, bibi mmoja alibaki nyuma. Alipoona wenzake wametoka akatuambia: "Sheikh, binti yangu yuko kidato cha tatu, na kutwa yu ndani ya riwaya. Nimemnunulia vitabu vya kujiendeleza, vya kupanga wakati na kujenga tabia, hata kuvifungua hataki. Je, nimpokonye hizi hadithi au nimwache?"

Hatukumjibu papo hapo. Swali lake liligusa jambo tulilolifanya wenyewe nyumbani mwetu, na ambalo hatujapata kulisema mbele ya watu. Tulimwomba muda wa kufikiri. Jibu lake ni hili, na twalitoa hadharani kwa kuwa twajua hayuko peke yake.

Sisi tulilelewa chuoni. Vitabu tulivyovijua ni vya fiqhi, nahau na sira; riwaya tuliihesabu kuwa ni porojo la kupotezea wakati. Tulipokuwa watu wazima tulivutwa na vitabu vya kujiendeleza, na aliyetufungulia mlango huo ni Sheikh Muhammad al-Ghazali wa Misri, aliyefariki 1996. Katika kitabu chake Jaddid Hayatak, yaani Fanya Upya Maisha Yako, alikipitia kitabu cha Mmarekani Dale Carnegie kilichotoka 1948, kinachofundisha kuacha wasiwasi na kuanza kuishi, akaonyesha jinsi mengi yaliyomo yanavyoafikiana na mafundisho ya dini yetu. Tulifurahi mno. Tukamtafuta na Carnegie mwenyewe, tukasoma na kile kitabu chake cha 1936 juu ya kupata marafiki na kuvuta nyoyo za watu. Tukajifunza kutabasamu, kuyakumbuka majina ya watu, na kumsikiliza msemaji mpaka amalize. Haukupita muda, barazani tukawa twasifiwa kwa upole.

Basi siku moja, miaka kadhaa iliyopita, tukaiona katika mkoba wa binti yetu riwaya ya Utengano, iliyoandikwa na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar na kuchapishwa 1980. Wakati huo ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani wa shule za upili. Tukaifungua katikati, na jicho likaangukia mambo ya ulevi. Hatukuuliza lolote. Tuliichukua, tukamwambia binti kuwa uchafu kama huu hauingii katika nyumba ya mwenye kusomesha dini. Hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akaenda zake jikoni kwa mamake.

Usiku ule tulikaa na kitabu tukitafuta hoja za kumpelekea mwalimu wake. Kwa kuwa si haki kuhukumu kwa ukurasa mmoja, tulianza mwanzo. Huko tukakutana na Bwana Maksuudi, mtu wa mali na jaha, anayeheshimiwa nje, ilhali nyumbani mwake mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna wanaishi kama mahabusi. Bi Tamima anashikwa na uchungu wa uzazi, analetewa mkunga bila ya idhini ya mume, na malipo yake ni kipigo na talaka. Maimuna anatoroka. Kwa kuwa hakupata kufundishwa dunia ilivyo, dunia inamchezea itakavyo. Ndipo tukaelewa kwamba ule ulevi tuliouona katikati ya kitabu haukuwekwa pale ili utamaniwe. Ni mavuno ya mbegu aliyoipanda baba katika kurasa za mwanzo.

Tulisoma mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Mwanzo tulimlaani Maksuudi kwa nafsi iliyotulia, kwa sababu hatujapata kumpiga mke wala kumfungia mtoto. Lakini kadiri tulivyoendelea, utulivu ule ulituondoka. Tulianza kujiuliza kama hofu lazima iwe na kufuli na kiboko, au inaweza kuingia nyumbani taratibu, ikiwa imevaa kanzu safi, na kukaa miaka mingi bila ya mwenyewe kuitambua.

Asubuhi tulimuuliza mama watoto: sisi tu watu wa namna gani humu ndani? Akadhani twamtania. Tuliporudia swali aliweka kikombe chini, akasema: "Baba watoto, makubadhi yako yakisikika kibarazani, kila mtoto hunyakua kitabu. Hawasomi. Wangoja wajue kama utakaa au utatoka."

Wapendwa wasomaji, neno hilo lilituingia kuliko waadhi mwingi tulioupata kuusikia. Tuliokuwa twayakumbuka majina ya watu wote wa barazani, hatukujua watoto wetu hucheka nini tusipokuwapo.

Hapo ndipo tulipokumbuka somo ambalo tumelisomesha mara nyingi. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki 1111, ameeleza katika Ihyaa Ulumiddin njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake. Ya kwanza ni kukaa mbele ya sheikh mwenye busara amwonyeshe. Ya pili ni kuwa na rafiki mkweli asiyemficha. Ya tatu ni kunufaika na ndimi za maadui, kwani jicho la chuki huona ambalo jicho la mapenzi halioni. Ya nne ni kuchanganyika na watu, na kila analolichukia kwa mwenziwe alitafute kwanza kwake mwenyewe. Ndiyo maana ya muumini kuwa kioo cha muumini.

Twaona riwaya nzuri yaingia katika njia hii ya nne, tena ina usalama wake. Anayezitazama aibu za jirani hukaribia sana kusengenya na kudharau. Bwana Maksuudi hana kaburi wala ukoo. Twaweza kumchambua kuanzia magharibi hadi isha tusimle nyama mtu yeyote, kisha tukarudi kwetu na kujiuliza ni kipi chake kilichomo ndani yetu. Wala hadithi si jambo geni kwa dini hii. Mwenyezi Mungu ameyafunza mengi kwa visa, na kisa cha Nabii Yusuf, chenye wivu wa ndugu na machozi ya baba, amekiita kizuri kuliko visa vyote.

Je, vitabu vya kujiendeleza havina kazi? Vinayo, ila vina mpaka wake. Mtu huenda dukani akanunua kitabu cha kutibu aibu ambayo haoni haya kuikiri: hajui kupanga wakati, hajui kuweka akiba, anaogopa kusema mbele ya watu. Ni nadra kumwona mtu akinunua kitabu cha kutibu kiburi chake, kwa sababu mwenye kiburi hajui kuwa anacho. Kitabu cha nasaha humfaa mgonjwa aliyekwisha kuujua ugonjwa wake. Riwaya humjia yule anayejidhania mzima.

Lakini riwaya nayo ikishakuumiza hukuacha hapo hapo. Utengano haikutuambia tufanye nini kesho yake. Dawa tuliipata katika yale yale tuliyoyasoma kwa Carnegie na kwa Sheikh wa Misri, ila safari hii tuliyaleta nyumbani. Tukaanza kutoa salamu tungali nje ya mlango. Tukaanza kumsikiliza mtoto mpaka amalize, kama tulivyokuwa tukiwasikiliza watu wa barazani. Nasaha zilikuwa zimekaa kwetu miaka mingi, zikakosa mahali pa kufanyia kazi.

Na sisi watu wa pwani tusidhani kwamba vitabu vya kutengeneza maisha vilitoka ng'ambo. Mwaka 1859 Samuel Smiles alichapisha Uingereza kitabu chake mashuhuri juu ya mtu kujiinua kwa juhudi zake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla yake, 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa katika maradhi, alikuwa amekwisha kumtungia binti yake utenzi wa wasia ambao mpaka leo unasomwa. Smiles aliwaandikia watu asiowajua. Mwana Kupona alimwandikia mtoto wake wa kumzaa, akijua kuwa huenda asiwepo kumwongoza. Nasaha ikitoka kwa anayekupenda huwa na uzito wake.

Sasa tumjibu mama yetu aliyetuuliza.

Kwanza, usipokonye kitabu ambacho hujakisoma. Kisome, ijapokuwa ni usiku na macho ni mazito. Huenda ukakuta hakifai, maana si kila riwaya yafaa kila umri, na mzazi ana haki na wajibu wa kuchagua. Lakini chagua kwa kujua.

Pili, kwa walio wadogo anza na Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia hiana wakageuzwa kuwa manyani. Majina yenyewe ni mafunzo, na hadithi inakwenda mbio kiasi cha kumfanya mtoto aombe sura nyingine. Wasomeeni kwa sauti baada ya isha, sura moja moja.

Tatu, kitabu kikimalizika usimpe mtoto mtihani. Muulize jambo moja tu: katika watu wa kitabu hiki, ni nani anayefanana nasi humu nyumbani? Kisha vumilia jibu.

Nne, vile vitabu vya kujiendeleza ulivyomnunulia usivitupe. Visome wewe kwanza. Binti akiona mamake amebadilika, atavifungua bila ya kuambiwa.

Twamalizia kwa yaliyotokea kwetu. Jioni ya siku ile tulimrudishia binti yetu riwaya yake, tukamwomba radhi kwa maneno tuliyomwambia. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akatutazama kwa shaka, kisha akauliza:

"Baba, umefika wapi?"

Tukamwambia tumefika mwisho.

"Basi usiniambie," akasema, "mimi sijamaliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto wetu kutuamrisha tunyamaze, nasi tukanyamaza. Leo naye ni mama, ana watoto wake. Wajukuu wakiyasikia makubadhi yetu kibarazani, huja mbio na vitabu mkononi, na wa kwanza kufika ndiye anayechagua tutakachosoma.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuziona aibu zetu kabla hatujaziona za wenzetu, na azifanye nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu na mapenzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.