Ugomvi wa nyumbani huingia mwilini: fundisho la nyani wa Masai Mara

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi moja la nyani katika hifadhi ya Masai Mara nchini Kenya lilipata msiba. Madume wakali wa kundi hilo walikuwa na desturi ya kwenda kila asubuhi kwenye jalala la hoteli ya watalii, kupigana na nyani wa kundi jingine wakigombea mabaki ya chakula. Jalalani kulikuwa na nyama yenye vimelea vya kifua kikuu. Karibu nusu ya madume wazima wa kundi walikufa.

Waliobaki ni majike, watoto na madume wapole ambao hawakuwa watu wa kugombana. Yaliyofuata yanamhusu kila mzazi.

Homoni ndani ya damu

Nyani hao walikuwa wakifuatiliwa na Robert Sapolsky, mwanasayansi kutoka Marekani aliyeanza kazi Masai Mara mwaka 1978. Hakuishia kuwatazama kwa darubini. Aliwalenga kwa sindano ya usingizi iliyopulizwa kwa bomba, akawatoa damu na kupima homoni zao. Alitaka kujua tabia ya mnyama inafanya nini ndani ya mwili wake.

Nyani wa Mara hawahangaiki sana na chakula. Saa chache tu kwa siku zinawatosha kushiba. Muda unaobaki wanasumbuana wenyewe kwa wenyewe. Dume akipigwa na mkubwa wake, humgeukia mdogo. Mdogo humrukia jike, na jike humalizia hasira kwa mtoto. Wengi wetu tunazijua nyumba za namna hiyo.

Mnyama akiogopa, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huingia kwenye damu, na kazi zinazoweza kusubiri, kama kusaga chakula na kukua, hupunguzwa. Simba akitokea, huo ndio wokovu. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Shida huja pale hofu isipopita. Sapolsky aligundua kwamba madume wa chini, walioonewa kila siku, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakati wa mapumziko. Shinikizo lao la damu lilichelewa kushuka baada ya mshtuko, na mafuta mazuri yanayolinda moyo yalikuwa machache. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wakiishi kwa wasiwasi. Hata hivyo, madume waliokuwa na marafiki, waliokaa na majike kusafishana manyoya na kucheza na watoto, walikuwa na kotisoli kidogo.

Utoto nao huacha alama. Huko Amboseli, pia nchini Kenya, watafiti wamefuatilia nyani tangu mwaka 1971. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa majike waliopitia matatizo matatu au zaidi wakiwa wadogo, kama vile ukame, kufiwa na mama au kuwa na mama asiye na marafiki, walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wenzao waliopitia tatizo moja tu au wasiopitia lolote.

Kundi lililobadilika

Baada ya wakali kufa, kundi lile la Masai Mara lilitulia. Mapigano hayakuisha, lakini wakubwa hawakuwaonea sana wadogo, na nyani walikaa karibu zaidi wakisafishana. Vipimo vya damu navyo vilibadilika: madume wa chini hawakuwa tena na dalili za msongo zilizoonekana kwa wenzao wa makundi mengine.

Ajabu zaidi, utulivu huo ulidumu. Dume wa nyani huhama kundi alilozaliwa anapobalehe. Kufikia mwaka 1993, madume wote waliokuwepo wakati wa msiba walikuwa wameondoka au kufa, na nafasi zao zimechukuliwa na wageni kutoka makundi yenye vurugu. Wageni hao nao walijifunza upole, huenda kwa sababu majike waliwapokea vizuri mapema.

Nyumbani kwako je?

Binadamu si nyani, na malezi yetu yana mengi zaidi. Lakini kotisoli inayopanda kwa nyani ndiyo hiyo hiyo inayopanda kwa mtoto anayelala akisikiliza wazazi wakigombana. Huenda hakuguswa hata kwa kidole, lakini mwili wake unakesha. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Habari njema ni kwamba desturi ya nyumba inaweza kubadilika. Mzazi anaweza kuanza na machache:

- Ukirudi na hasira za kazini au barabarani, tulia kidogo kabla ya kuzungumza na watoto. Usimalizie hasira kwa aliye mdogo kuliko wewe.
- Mkitofautiana mbele ya watoto, wapatanishi nao wawe mbele yao. Mtoto anahitaji kuona kwamba hatari imepita.
- Mguse mtoto kwa upendo: msuke nywele, mpakate, cheza naye. Ndivyo nyani wanavyotulizana.
- Mtoto aliyehamia kwako, awe wa ndugu au wa kambo, mkaribishe vizuri tangu siku ya kwanza. Atajifunza desturi atakayoikuta.

Mtoto akilalamika mara kwa mara kuumwa tumbo au kichwa, au akikosa usingizi, mpeleke kituo cha afya. Daktari akisema haoni ugonjwa, usikimbilie kusema mtoto anadeka. Muulize kwa upole ni kitu gani kinamtia hofu, kisha msikilize mpaka amalize.