Kina si Ubora: Ulinganisho wa Theluji Asilia katika Maeneo ya Skii

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kutajia maji yaliyoganda kwa baridi: theluji, lenye asili ya Kiarabu, na barafu, lenye asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni theluji hiyo hiyo. Kwa mzungumzaji aliyelelewa karibu na Ikweta maneno haya mawili yametosha, maadamu theluji aliyoizoea ni ule weupe unaoonekana kwa mbali juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Hata hivyo, Wakenya nao wameingia katika michezo ya majira ya baridi. Mwaka 1998 Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, iliyofanyika Nagano, Japani. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya kuteremka mlima kwa skii huko Pyeongchang, Korea Kusini.

Katika mchezo wa skii swali la kwanza aghalabu huwa moja: ni wapi penye theluji bora? Wenye maeneo ya mchezo huu hulijibu kwa kutaja idadi ya mita za theluji zinazoanguka kwa mwaka. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Theluji hupimwa kwa kina, kwa kiasi cha maji kilichomo, na kwa mpangilio wa tabaka zake. Anayezingatia kina peke yake huweza kupotea.

Kibaba cha pumba na kibaba cha mchele

Kibaba cha pumba na kibaba cha mchele hujaza chombo kile kile, lakini hakuna mnunuzi atakayevilipia bei moja. Ndivyo ilivyo theluji. Kwa kanuni ya jumla, sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyushwa hutoa sentimita 1 ya maji, yaani asilimia 10. Theluji yenye maji machache kuliko hayo huwa nyepesi kama unga, na mtelezaji huielea bila taabu. Yenye maji mengi huwa nzito, hushika vyombo vya kutelezea na kuyachosha magoti.

Tofauti hii huanzia mawinguni. Mwanasayansi Ukichiro Nakaya wa Hokkaido, Japani, alifaulu mwaka 1936 kuunda fuwele ya theluji katika maabara baridi, akiikuza juu ya unywele wa sungura. Utafiti wake ulidhihirisha kwamba umbo la fuwele hutegemea halijoto na unyevu wa hewa inamokulia. Katika halijoto inayokaribia nyuzi 15 chini ya sifuri za selsiasi, na penye unyevu wa kutosha, huota fuwele pana zenye matawi sita. Matawi hayo huzuia fuwele zisishikamane sana, hewa nyingi ikabaki kati yake, na theluji ikawa nyepesi. Halijoto inapokaribia sifuri, au upepo mkali unapoyavunja matawi hayo, theluji husongamana.

Pwani ya magharibi ya Marekani

Anayetafuta wingi hawezi kuupita Mlima Baker katika jimbo la Washington. Katika msimu wa 1998 hadi 1999 eneo la skii la mlima huo lilipokea takribani mita 28.96 za theluji, kiasi kilichothibitishwa kuwa rekodi ya dunia kwa msimu mmoja. Sababu yake ni dhahiri: pepo za Bahari ya Pasifiki hufika zimebeba mvuke mwingi, hugonga milima, hupanda na kupoa, na mvuke ukaanguka kama theluji. Lakini pepo hizo hazina baridi kali, na eneo lenyewe halifiki mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Matokeo yake ni theluji nyingi ambayo mara kwa mara huwa nzito. Kusini zaidi, katika milima ya Sierra Nevada ya California, theluji mpya huwa na wastani wa maji wa asilimia 12 hivi. Watelezaji wa huko wameibandika jina la saruji.

Utah na Colorado

Mvuke huo huo wa Pasifiki ukisafiri hadi bara, hupoteza sehemu ya maji yake kila unapovuka safu ya milima. Huko Alta, katika jimbo la Utah, ambako hata chini ya miteremko ni takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huanguka wastani wa mita 13 hivi kwa mwaka. Wastani wa maji katika theluji mpya ya hapo ni asilimia 8 na nusu hivi. Jimbo la Utah limejisifu hata katika vibao vya nambari za magari yake kwamba lina theluji iliyo bora kuliko zote duniani.

Hata hivyo, Jim Steenburgh, profesa wa sayansi ya anga katika Chuo Kikuu cha Utah, ameeleza kwamba theluji ya Utah si nyepesi kuliko zote. Baadhi ya maeneo ya Colorado, yaliyo mbali zaidi na bahari, hupata theluji yenye asilimia 7 hivi ya maji. Wala Ziwa la Chumvi, ambalo wengi hulipa sifa yote, halichangii ila sehemu ndogo ya theluji ya Alta. Siri ya Utah imo katika mpangilio. Dhoruba nyingi za huko huanza na hewa yenye joto kiasi na kumalizika na hewa baridi. Hivyo theluji nzito hutangulia kuanguka, na nyepesi huja juu yake. Mtelezaji hupata tandiko laini lililokaa juu ya msingi imara. Mpangilio ukipinduka, nzito ikalalia nyepesi, kuteleza huwa kugumu na hatari ya maporomoko ya theluji huweza kuongezeka.

Hokkaido

Kisiwa cha Hokkaido ni mfano wa aina yake. Kilele cha Niseko Annupuri kina mita 1,308 tu, kimo ambacho katika milima ya Alpi kisingeahidi mengi. Licha ya hayo, eneo la Niseko hupata takribani mita 14 kwa mwaka. Hewa kavu na baridi sana ya Siberia huivuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake huwa na joto zaidi kuliko hewa hiyo. Hewa hunywa mvuke, hupanda milima iliyo karibu na ufuo, na kuumwaga kama theluji nyepesi, takriban kila siku katika mwezi wa Januari. Hapa wingi na wepesi vimekutana, jambo ambalo Washington na Colorado hazilipati kwa pamoja.

Milima ya Alpi

Alpi haina kanuni moja. Upande wa kaskazini hulishwa na pepo za Atlantiki, na upande wa kusini hutegemea zaidi mvuke wa Mediterania, kiasi kwamba msimu huweza kuwa neema upande mmoja na ukame upande wa pili. Upo pia upepo wa joto uitwao Föhn, ambao huweza kuiharibu theluji nzuri kwa siku moja. Kinachoziokoa sehemu nyingi za Alpi ni kimo, kwani theluji ya juu huhifadhika hata inapoanguka haba.

Nani anayepima?

Ulinganisho huu una kikwazo kingine. Theluji mpya hujishindilia kwa uzito wake, kwa hiyo anayepima kila baada ya saa sita hupata jumla kubwa kuliko anayepima mara moja kwa siku. Kupima kileleni nako hutoa tarakimu tofauti na kupima bondeni. Fauka ya hayo, mara nyingi mpimaji ndiye muuzaji wa tiketi. Wanauchumi Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz walichunguza taarifa za maeneo ya skii ya Amerika Kaskazini, wakagundua kwamba theluji iliyotangazwa mwishoni mwa wiki ilizidi ya siku nyingine kwa asilimia 23. Theluji haijui Jumamosi. Wafanyabiashara ndio wanaoijua. Udanganyifu huo ulipungua pale watelezaji walipoanza kupashana habari papo hapo kwa simu.

Joto linaloongezeka

Maeneo yote yaliyotajwa yanategemea mpaka mwembamba kati ya kuganda na kuyeyuka. Huko Bolivia, barafu ya Chacaltaya iliyotumiwa kwa skii ilitoweka kabisa mwaka 2009, ingawa mlima huo unapita mita 5,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu maeneo 2,234 ya skii barani Ulaya ulibainisha kwamba, joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2, asilimia 53 yatakabiliwa na hatari kubwa sana ya upungufu wa theluji iwapo hayatatengeneza theluji ya mashine. Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 iliendeshwa karibu yote juu ya theluji ya aina hiyo, ambayo ni vipunje vigumu visivyo na matawi sita ya Nakaya.

Hitimisho

Anayesikia kwamba mahali fulani huanguka mita nyingi za theluji hana budi kuuliza: ina maji kiasi gani, ilianguka kwa mpangilio upi, na ni nani aliyeipima? Kwa upande wa lugha, tofauti hizi hazihitaji maneno ya kuazima. Theluji unga kwa ile nyepesi, theluji maji kwa ile nzito, na theluji mashine kwa ile ya kutengenezwa ni istilahi zinazoweza kueleweka bila kamusi. Waswahili walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtelezaji anayeelea juu ya theluji ya Hokkaido anabebwa na baridi ya Siberia na mvuke wa bahari, na kimojawapo kikibadilika hatakuwa na cha kumwelesha.