Kuyajua Maji Yetu (2): Siku Isiyopimwa Hairudi

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi Tanzania ilivyogawanywa katika mabonde tisa ya maji, na jinsi Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inavyozipa Bodi za Maji za Mabonde jukumu la kutoa vibali na kuyalinda maji ambayo, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mali ya umma. Leo tunaingia kwenye upimaji wenyewe: maji ya mto yanapimwaje, ya chini ya ardhi yanapimwaje, na kwa nini kazi hii ikilegea mwaka mmoja hasara yake huonekana miaka mingi baadaye.

Tuanze na mto. Ukipita kwenye daraja kubwa, tazama nguzo zake au ukingo ulio jirani. Mara nyingi utaona ubao mwembamba wa chuma wenye mistari na tarakimu, umesimamishwa ndani ya maji. Wapita njia wengi hudhani ni alama ya wajenzi wa barabara, kumbe ni kipimo cha kina cha mto. Mkazi wa karibu, anayelipwa posho kwa kazi hiyo, husoma tarakimu pale maji yalipofika, asubuhi na jioni, na kuiandika kwenye daftari. Siku hizi baadhi ya vituo vimefungwa vyombo vinavyojiandikia vyenyewe na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Hata hivyo ubao haujaondolewa, kwa kuwa chombo nacho hukosea, na namna ya kukikosoa ni kukilinganisha na ubao.

Kina peke yake hakitoshi. Anayetaka kutoa kibali cha umwagiliaji, au kusanifu bwawa, anataka kujua ni mita ngapi za ujazo zinazopita kila sekunde. Kwa hiyo mafundi wa haidrolojia hushuka mtoni. Huvuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, wakaugawa mto vipande, na katika kila kipande wakapima kina na kasi ya maji kwa chombo chenye pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo. Maji ya juu hukimbia kuliko yale ya chini yanayojisugua na kitako cha mto, ndiyo maana chombo huzamishwa hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, mahali ambapo kasi hukaribiana na wastani. Mto ukiwa na kina kirefu, hupimwa mara mbili, kwenye asilimia 20 na asilimia 80. Upana, kina na kasi vikizidishwa kipande kwa kipande, kisha vikajumlishwa, ndipo mtiririko hupatikana. Kazi hiyo hurudiwa kiangazi, masika na wakati wa mafuriko, mpaka upatikane mchoro unaohusisha kina na mtiririko. Kuanzia hapo msomaji wa kituo akiandika mita 1.40, ofisini wanajua maji kiasi gani yamepita.

Lakini mchoro huo huchakaa. Mafuriko makubwa huchimba kitako cha mto au kukijaza mchanga, na kina kilekile hakimaanishi tena mtiririko uleule. Lazima mafundi warudi kupima upya. Hapa ndipo ufinyu wa bajeti unapouma: gari halina mafuta, safari inaahirishwa, ofisi inaendelea na mchoro wa zamani. Daftari linaonekana limejaa vizuri, kumbe mtiririko unaotokana nalo si wa kweli. Kwa maoni yangu hali hiyo ni mbaya kuliko kituo kilichokufa kabisa, maana kituo kilichokufa hakimpotoshi mtu.

Mahali ambapo thamani ya rekodi hizi imeonekana wazi zaidi nchini ni Ruaha Mkuu. Mto huu hukusanya maji ya nyanda za juu za Mbeya na Njombe, huingia uwanda wa Usangu, hutulia katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutokea kwenye kizingiti cha mwamba huko Ng'iriama, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kumwaga maji yake katika bwawa la Mtera. Ndani ya hifadhi, mahali paitwapo Msembe, kuna kituo ambacho kimekuwa kikipima tangu miaka ya 1960. Rekodi zake za zamani zinaonyesha mto uliopungua sana kiangazi bila kukoma. Mwishoni mwa mwaka 1993 ukakoma kutiririka. Tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi, kwa majuma na wakati mwingine kwa miezi.

Miaka hiyohiyo nchi ilipata mgawo mkali wa umeme, kwani mitambo ya umeme wa maji ya Mtera na Kidatu, yote katika mto huo, ndiyo iliyotegemewa. Watu wakayaunganisha mambo hayo mawili: mto umekauka, umeme umekatika, basi wakosaji ni wakulima wa mpunga wa Mbarali, huko Usangu, na wafugaji wa Ihefu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, akiwa London, kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao wakaanza kuondolewa Ihefu kwa nguvu.

Watafiti waliokaa na madaftari ya vituo walisema jambo lenye pande mbili. Kukauka kwa mto ndani ya hifadhi ni suala la kiangazi. Wakati huo maji yanayoshuka kutoka milimani ni machache, na mabanio ya mashamba huyachepusha mengi, hata katika miezi ambayo mpunga hauko shambani. Yanayobaki hayatoshi kuinua kina cha Ihefu kipite kizingiti cha Ng'iriama, na yasipopita kizingiti, huko chini hakuna mto. Umeme ni suala jingine. Mtera hujazwa na maji mengi ya masika, tena hupokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Vijito vya kiangazi vilivyobaki Usangu, hata vingefika vyote, visingelijaza bwawa kubwa namna ile. Uchambuzi wa maji yaliyoingia na yaliyotoka ulionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia upungufu. Familia nyingi zilihamishwa huku hoja hizi mbili zikiwa zimechanganywa, ilhali tarakimu za kuzitenganisha zilikuwapo kabatini. Naliandika hili kwa uchungu. Kupima kusikosomwa na wanaoamua ni sawa na kutopima.

Tugeukie maji ya ardhini, ambayo hayaonekani na kwa hiyo husahaulika upesi zaidi. Kisima chenye pampu hakifai kwa upimaji, kwa kuwa pampu ikifanya kazi kina cha maji hushuka, ikizimwa hupanda. Kinachotakiwa ni kisima cha uangalizi, kisichovutwa maji na mtu yeyote. Fundi hufungua kifuniko, huteremsha utepe wenye ncha inayotoa mlio inapogusa maji, na kuandika umbali kutoka juu. Vipo pia vyombo vidogo vinavyoachwa ndani ya kisima na kuandika kina kila saa. Kazi ni nyepesi. Ugumu wake ni kuifanya mwaka baada ya mwaka mahali palepale.

Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, wamefanya hivyo. Uwanja huo wa visima ndio umekuwa tegemeo kuu la maji la Dodoma, na vipimo vyake vinaanzia miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, UCL, pamoja na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Kitanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa rekodi hiyo ya miaka 55. Walichokikuta kilibadili fikra za wengi. Tabaka lenye maji Makutupora halijazwi kidogo kidogo na mvua za kila mwaka. Kina hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa, mara nyingi unaohusiana na El Niño kama ule wa 1997/98, na kina hupanda kwa ghafla. Msimu wa kawaida hauongezi kitu cha maana.

Fikiria basi uzito wake. Mpangaji mwenye vipimo vya miaka mitano tu, vilivyoanza mara baada ya 1998, angeona visima vimejaa na angeruhusu uvutaji mkubwa. Mwenzake aliyeanza kupima wakati wa ukame angekata tamaa na kutangaza kwamba uwanja umekwisha. Wote wawili wangekuwa na tarakimu sahihi, na wote wangekosea. Dodoma sasa ni makao makuu ya serikali na watu wanaongezeka. Anayeamua ni maji kiasi gani yavutwe Makutupora analazimika kufikiri kwa kipimo cha miongo.

Dar es Salaam haikubahatika kuwa na rekodi ndefu namna hiyo. Ukame wa 1997 ulisababisha visima vingi kuchimbwa kwa haraka, na uchimbaji wa watu binafsi haujasimama hadi leo. Pwani, maji baridi ya ardhini huyazuia maji ya bahari. Ukiyavuta kupita kiasi, bahari huingia, na kisima kilichokuwa na maji matamu huanza kutoa maji ya chumvi. Hali hiyo imeshathibitishwa katika maeneo ya jiji yaliyo karibu na bahari.

Ubora nao hupimwa, na hapo tunalo funzo la karibuni. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati, nayo ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi, ambao kwa miaka walikuwa wakihofia migodi, hawakukubali, na mjadala ukafika bungeni. Sitaki kuamua ugomvi ule hapa. Ninachosema ni kwamba sampuli zilizochukuliwa baada ya samaki kufa haziwezi kujibu swali la siku zilizotangulia. Kama sampuli za kila mwezi, kutoka sehemu kadhaa za mto, zingekuwa zimebandikwa hadharani miaka kumi mfululizo, mkazi wa Tarime au Butiama angeweza kuzilinganisha mwenyewe.

Ndiyo maana naona kazi ya kwanza ya Wizara ya Maji sasa ni kuhakikisha vituo vilivyopo havikosi msomaji, mafuta ya gari na fundi, kabla ya kununua vyombo vipya, na kazi ya pili ni kuziweka rekodi za mabonde yote mahali ambapo raia anaweza kuzisoma bila kuandika barua ya maombi.

Wewe msomaji nawe una sehemu yako. Ukiona ubao wa kipimo umeng'olewa au kifuniko cha kisima cha uangalizi kimevunjwa, toa taarifa kwa bodi ya bonde lako. Ukichimba kisima nyumbani, tumia mchimbaji mwenye leseni, na hakikisha taarifa ya kina, aina ya miamba na wingi wa maji imefika serikalini. Sehemu ya tatu itahusu mito tunayochangia na majirani: Kagera, Mara, Songwe na Ruvuma.