Majimbo ya Marekani na vita ya maduka ya dawa

Nchini Marekani, mwenye bima ya afya anaweza kulipita duka la dawa lililo jirani na kwake, akaenda mbali kununua dawa ileile. Sababu ni kwamba duka hilo halimo katika mtandao wa bima yake. Akinunua hapo, huenda akalipa gharama yote mwenyewe.

Anayeamua duka lipi liingie mtandaoni kwa kawaida si daktari wala serikali, bali ni kampuni zinazosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima na waajiri. Kwa mujibu wa taarifa ya Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) ya Julai 2024, kampuni tatu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, zilishughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zilizoandikwa na madaktari mwaka 2023. Kampuni hizo zina undugu wa umiliki na maduka ya dawa, yakiwamo yanayotuma dawa kwa posta. Wafamasia wenye maduka binafsi wanalalamika kwamba mshindani wao ndiye mlinzi wa mlango.

Baadhi ya majimbo yamejibu kwa kutunga sheria zinazotaka kila duka lililo tayari kutimiza masharti lipokewe. Kampuni nazo hudai kuwa duka hukubali kushusha bei kwa kuahidiwa wateja wengi. Mlango ukifunguliwa kwa wote, punguzo hilo hutoweka na gharama ya bima hupanda.

Kikwazo kikubwa cha majimbo ni ERISA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayosimamia mafao yatolewayo na waajiri binafsi. Sheria hiyo huziweka kando sheria za majimbo zinazoingilia mipango hiyo, ingawa huyaachia majimbo mamlaka ya kusimamia biashara ya bima.

Mwaka 2003, Mahakama ya Juu iliikubali sheria ya Kentucky iliyozibana kampuni za bima zipokee watoa huduma wote walio tayari. Mwaka 2020, kwa kura 8 kwa 0, iliikubali sheria ya Arkansas iliyotaka maduka yalipwe si chini ya bei waliyonunulia dawa.

Oklahoma ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2019 ilitaka, kwa maeneo ya mijini, angalau asilimia 90 ya wanachama waishi ndani ya maili mbili, yaani takriban kilomita 3.2, kutoka duka la mtandao. Maduka ya posta hayakuhesabiwa. Agosti 2023, mahakama ya rufani iliyoko Denver iliamua kuwa masharti hayo hayawezi kuibana mipango iliyo chini ya ERISA, kwa kuwa yanabadili muundo wa mafao yenyewe. Juni 2025, Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya jimbo hilo.

Kwa ufupi, jimbo hupata urahisi zaidi kugusa bei kuliko kugusa mlango. Aidha, mwajiri anayelipia matibabu kutoka mfuko wake, bila kununua bima, hahesabiwi kuwa kampuni ya bima. Kwa mujibu wa taasisi ya utafiti ya KFF, mwaka 2024 asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima ya mwajiri walikuwa katika mipango ya aina hiyo.

Hivyo, majirani wawili katika jimbo moja wanaweza kuwa na haki tofauti mbele ya duka lilelile, kwa sababu tu ya namna waajiri wao wanavyolipa. Mwenye uwezo wa kuiondoa tofauti hiyo ni Bunge la Marekani, lililoitunga ERISA.