Miraba Katika Picha Hutoka Wapi?

Picha ya harusi ikishapakuliwa na kupandishwa tena mtandaoni mara kadhaa, shavu la bibi harusi hugawanyika miraba miraba, na maandishi ya bango nyuma yake huzungukwa na kitu kama vumbi. Wengi hulaumu kamera. Kamera haina kosa; picha imebanwa kupita kiasi.

Picha ya pikseli milioni 12, isipobanwa, huchukua megabaiti 36 hivi. JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, huishusha hadi megabaiti chache. Huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hugeuza kila mraba kuwa namba 64 kwa hesabu ambayo Nasir Ahmed na wenzake wawili waliichapisha mwaka 1974. Namba za mwanzo hubeba mwanga wa jumla. Za mwisho hubeba mambo madogo, kama nyuzi za kanga au nywele za nyusi. Halafu namba hizo hukadiriwa, na nyingi za mwisho huwa sifuri. Hapo ndipo faili hupungua uzito, na kilichofutwa hapo hakirudi. Kwa kuwa kila mraba hukadiriwa bila kumtazama jirani yake, ukibana sana mipaka hukosa kulingana, na jicho huiona. Lile vumbi pembeni mwa herufi nalo ni mawimbi yanayobaki namba za mwisho zikikosekana.

Kwenye video, tiba nzuri iliingia na kiwango cha kubana video cha H.264 mwaka 2003. Kichujio chake hupita kwenye mipaka ya miraba: tofauti ndogo ya mwanga hulainishwa, kubwa huachwa, maana huenda ni ukingo halisi wa ukuta au shati. Kinachonivutia zaidi ni mahali kilipowekwa. Fremu husafishwa kabla ya kutumika kukisia fremu zinazofuata, hivyo dosari hairithiwi. Viwango vya baadaye, HEVC na AV1, vimeongeza vichujio vingine juu ya hicho.

Kusafisha picha iliyokwisha kuharibika ni kukisia tu. Programu za akili bandia hurudisha uso ulio safi, lakini vinyweleo vyake zimevitunga kutokana na nyuso nyingine ambazo programu hizo zilijifunzia. Kwa picha ya ukumbusho sina ugomvi nazo. Kwa ushahidi wa mahakamani, namba ya gari au picha ya eksirei, zisiguswe kabisa.

Kazi kubwa, basi, hufanywa kabla ya kubana. Ongeza mwanga unapopiga picha, kwa sababu chenga za gizani hula nafasi ya faili ambayo ingebeba sura. Tunza faili ya awali, na kila marekebisho yaanzie hapo. Maandishi na michoro yahifadhi kwa PNG, isiyopoteza kitu. Kwenye WhatsApp, picha unayotaka ifike kamili itume kama dokumenti. Itakula bando zaidi, lakini mpokeaji atapata faili ileile uliyo nayo.