Tanga Likishaanuliwa, Mfiwa Hubaki na Nani?

Tulifika Kibirichia, katika Kaunti ya Meru, siku ya kumi tangu jamaa yetu azikwe, Mola amrehemu. Sisi tuliotoka pwani tulijitanda shuka juu ya mabuibui, kwani baridi ya mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya haina masihara. Mjane alitupokea mlangoni. Shambani viazi vilikuwa vimekomaa na vinangoja kuchimbwa. Waliokuja kuzika walikwisha kurejea makwao, na nyumba za Waislamu wenzake zi mbalimbali.

Tulipomuuliza haja yake, hakutaja fedha. Alisema hapati usingizi, na kila akitaka kumzungumza marehemu huambiwa, "Subiri, dada, usilie." Tena alikuwa ameambiwa kwamba mkaa eda havuki kizingiti, hata akiugua. Tulihuzunika zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa yale ya mauti yenyewe, kwa kuwa mauti ni amri ya Mola, lakini upweke ule tuliufanya sisi wanadamu.

Subira si kunyamaza. Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, na machozi hayo aliyaita rehema. Mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib hujulikana hadi leo kuwa Mwaka wa Huzuni. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Naye Bi Aisha akiwapikia wafiwa talbina, uji mwepesi wa shayiri, akisema kwamba huutuliza moyo wa mwenye huzuni. Shayiri hiyo hulimwa huko huko, upande wa Timau.

Ama eda, ya mjane ni miezi 4 na siku 10, au hadi ajifungue ikiwa ana mimba. Humtaka aache mapambo na alale nyumbani kwake. Haikuwekwa iwe kifungo. Wanazuoni wengi wamemruhusu kutoka mchana kwa haja yake, na matibabu ni haja. Imepokewa pia kwamba wajane wa mashahidi wa Uhudi waliposhitakia upweke, waliruhusiwa kukutana mchana kwa mmoja wao wakazungumza, kisha usiku kila mmoja akarudi kwake. Mwenye shaka na amuulize mwalimu wake wa dini, wala asikae na uchungu kwa kuogopa kuuliza.

Huzuni ya kufiwa si ugonjwa, na mara nyingi hupungua palipo na watu wa kusikiliza. Lakini mfiwa akiwa halali wala hali kwa majuma, akishindwa kuwaangalia watoto, au akitamka kwamba angependa kumfuata marehemu, asiachwe peke yake, na atafutiwe msaada siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitambua huzuni kali iliyopita miezi 6 bila kulegea kuwa ni jambo la kutibiwa.

Aliye Kibirichia anaweza kuteremka hadi hospitali ya rufaa iliyo mjini Meru. Asiyeweza kusafiri anaweza kupiga simu bila malipo kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, akazungumza na mshauri nasaha. Nchini Kenya kazi ya ushauri nasaha ina sheria yake tangu mwaka 2014; basi si vibaya kumuuliza mshauri kama amesajiliwa, wala kuomba mshauri mwanamke.

Pia yako mawazo yanayoondoka kwa haki, si kwa maneno. Mjane asiyejua kama atabaki katika shamba hawezi kutulia. Fungu lake limetajwa katika Qur'ani: thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Katiba ya mwaka 2010 imewapa makadhi mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kupeleka shauri lao kwao. Jambo hili lisemwe mapema, kwa upole, kabla maneno hayajazaa uadui.

Kabla hatujaondoka tuligawana kazi kwa majina. Wifi yake atakaa naye hadi eda iishe. Mmoja wetu atampigia simu kila Ijumaa baada ya Alasiri, mwingine atampeleka Meru kwa mshauri. Majirani wa Kimeru wasio Waislamu, Mola awalipe, walikwisha kuahidi kuchimba viazi.

Mama zetu na dada zetu, kila mmoja wetu anaikumbuka nyumba aliyokwenda kuhani mwaka huu. Tumerudi huko mara ngapi? Siku ya maziko nyumba hujaa. Mwezi wa pili ndio mrefu. Twende mwezi wa pili, tukae, tumuache mfiwa aseme.