Maji ya Masika na Magari ya Dizeli: Namna ya Kuilinda Njia ya Hewa ya Injini

Mvua za masika huleta maji katika barabara za Kyela hata siku ambayo anga la Talatala ni jeupe. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kulipita bonde hili ikielekea Ziwa Nyasa. Mvua ikinyesha milimani usiku, asubuhi barabara za tambarare huweza kuwa zimefunikwa. Magari mengi yanayobeba mpunga na kokoa, au kupeleka wagonjwa hospitalini, hutumia dizeli. Na injini ya dizeli haivumilii maji katika njia yake ya hewa.

Kwa nini maji huvunja injini

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huikandamiza hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Katika injini ya lita 2.8 yenye silinda 4, inayokandamiza hewa mara 22, nafasi inayobaki juu ya kila pistoni ni takriban mililita 33, yaani zaidi kidogo ya vijiko viwili vya chakula. Hewa hukubali kubanwa humo, maji hayakubali. Yakizidi kiasi hicho, pistoni hugota, na mkono wake hupinda au kukatika. Tena, kwa kuwa hakuna cheche ya kuzimwa na unyevu, injini hii huendelea kuvuta wakati ile ya petroli ingekuwa imekwisha kuzimika.

Kinga kabla ya safari

Mwenye gari anashauriwa kumwomba fundi amwonyeshe mahali mdomo wa kuvuta hewa ulipo. Katika magari mengi mdomo huo uko nyuma ya taa au ndani ya bawa la mbele, chini ya usawa wa boneti. Huo ndio mpaka halisi wa kina cha maji, wala si urefu wa matairi.

Boksi la eakilina lina tundu au kimpira cha kutolea maji upande wa chini. Kikizibwa na tope, maji hutuama. Kikipasuka, vumbi huingia. Kisafishwe mara kwa mara, na mipira ya hewa iliyochanika ibadilishwe. Gari linapooshwa, maji ya presha yasielekezwe penye mdomo wa hewa.

Kwa magari yenye tabo, unyevu wa hewa ya kando ya ziwa huweza kugeuka matone ndani ya kipoza hewa na kuchanganyika na mafuta ya injini. Ni vyema fundi akimwage kilichotuama humo wakati wa sevisi.

Gari likizimika majini

Hapa ndipo injini nyingi hupotea. Injini iliyozimika majini huenda bado ni nzima. Kuwasha tena ndiko kunakoweza kuimaliza. Funguo isigeuzwe, wala gari lisisukumwe likiwa kwenye gia ili liwake. Livutwe hadi pakavu, kisha eakilina ifunguliwe. Ikiwa imelowa, fundi atoe nozeli au plagi za kupasha moto, azungushe injini kwa mkono ili maji yatoke, na aangalie oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji na lazima ibadilishwe. Gari likiwaka lakini likigonga, lizimwe papo hapo, kwani mkono wa pistoni uliopinda huweza kukatika baadaye na kutoboa injini.

Uhai kwanza

Ushauri huu wote unahusu maji yaliyotulia na ambayo kina chake kinajulikana. Maji yanayokwenda kwa kasi huweza kulibeba gari zima pamoja na abiria, na huficha kalvati iliyobomoka. Dereva angoje yapungue au apite njia nyingine, hata kama safari ni ya haraka: gari lililosombwa halimfikishi mgonjwa hospitalini. Watu wakikwama majini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.